Bwana Mifugo Anajibu: Tetea Anayeatamia na Vifaranga Asiowatotoa

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimetoka kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji, na karibu zote zina kosa moja ndani yake: tetea akishakaa juu ya mayai, mwenye kuku huona kazi imekwisha, kumbe yake ndiyo kwanza inaanza. Nimechagua barua sita. Majina ya waandishi nimeyaacha, ila nimetaja mahali wanapoishi, kwa sababu kuku wa Njombe na kuku wa Kwale hawaatamii katika hali ya hewa moja.

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Mimi ni mama mfugaji wa Manyoni, mkoani Singida. Nina matetea sita na jogoo mmoja. Kila tetea huatamia kwa wakati wake, hivyo uwanjani kwangu wamo vifaranga wa wiki moja, wa wiki tano na wa miezi mitatu, wote wakigombea chakula kimoja, na wanaokufa ni wale wadogo. Nimesikia kwamba wapo wanaoatamisha kuku watatu kwa siku moja, kisha vifaranga wote wakapewa mmoja au wawili kuwalea. Je, hilo linawezekana kwa kuku wetu hawa wa kawaida?

JIBU: Marahaba, mama. Linawezekana, na linawezekana kwa kuku wako kuliko kwa kuku wa kisasa, kwa kuwa aina kama Leghorn zilichaguliwa vizazi kwa vizazi ili zitage bila kukoma, na tabia ya kuatamia ikapotea humo njiani. Wa kwako bado wanayo. Awe kishingo, awe kibwenzi au bukini asiye na mkia, akishataga mayai yake kumi na kitu mwili wake hubadilika, hujinyonyoa manyoya ya kifuani ili ngozi iguse mayai, upanga wake hupauka, na ukimsogelea hujitutumua na kukudonoa mkono.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha faida. Tetea akiachwa afuate desturi yake hutaga kwa wiki mbili hadi tatu, huatamia siku 21, kisha huongozana na wanawe kwa miezi miwili na nusu au mitatu kabla ya kurudi kutaga. Kwa mwaka, basi, huwezi kupata kwake zaidi ya mizunguko mitatu. Lakini yule ambaye vifaranga wake wamechukuliwa na mwenzake siku ya kutotolewa, akalishwa vizuri, aghalabu hurudi kutaga baada ya wiki mbili au tatu. Kwa maneno mengine, anayekula muda wako mwingi ni ulezi, wala si kuatamia.

Sasa utaratibu wenyewe. Okota mayai kila siku jioni, andika tarehe kwa penseli juu ya ganda, uyahifadhi mahali penye ubaridi na giza, ncha nyembamba ikitazama chini. Chini ya kitanda panafaa, friji haifai. Yai lililokaa zaidi ya siku saba linaanza kupoteza nguvu, na likipita siku kumi usilipe kuku, lipike. Tetea wa kwanza atakapoanza kung'ang'ania kiota, usimpe mayai ya kutotoa papo hapo, bali mwekee mayai mawili au matatu ya kuchemsha yaliyotiwa alama ya mkaa, ambayo utayabadilisha kila baada ya siku chache yasije yakaoza na kupasuka. Atayalalia kwa imani yote. Akija wa pili mfanyie vivyo hivyo, na akija wa tatu, usiku huohuo waondolee wote yale ya kuchemsha na kila mmoja mpe mayai 12 mapya. Kungoja kwa yule wa kwanza kusizidi siku kumi au kumi na mbili, kwa sababu tetea anayeatamia hula kidogo sana na kila siku ya ziada anailipa kwa nyama ya mwili wake.

Usiku wa siku ya saba chukua boksi dogo, litoboe tundu lililo dogo kuliko yai, weka tochi ya simu ndani yake na ushikilie yai juu ya tundu hilo. Lenye uhai litakuonyesha kitone cheusi chenye mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lisilo na mbegu litang'aa lote kama limejaa maji. Tuseme katika mayai yako 36 sita hayana kitu. Yatabaki 30, na siku ya 21 ukipata vifaranga 26 utakuwa umefanya vizuri. Hao 26 wape matetea wawili, 13 kila mmoja, wale unaowajua kwa ukali dhidi ya mwewe. Wa tatu mhamishie banda la mbali asikosikia milio ya vifaranga, mpe chakula na maji ya kutosha kwa siku nne au tano, kisha mwachie arudi kwa wenzake. Wako watakaokushauri umpe mayai mengine papo hapo aatamie tena. Mara moja anaweza kuvumilia, ingawa mimi sipendi. Mara mbili ni kumkondesha mpaka mfupa wa kidari umchome mkononi anayemshika.

Na hilo la wadogo kufa kwa kunyang'anywa chakula lina dawa rahisi. Tengeneza kizimba cha fito zilizoachana kwa kiasi cha kifaranga kupita na kuku mkubwa kushindwa, uweke ndani yake chenga za mtama zilizochanganywa na unga wa dagaa. Mchwa wa kutega kwa chungu kilichofunikwa juu ya samadi nao ni chakula bora, na Manyoni hamuukosi.

SWALI: Salamu kutoka Kwale. Kuku wangu alianza kuatamia akiwa na mayai 12. Juzi nimehesabu nikakuta 19. Vifaranga tisa wametoka, mama yao ameshuka nao uwanjani, na mayai yaliyobaki yamepoa. Nilipoyavunja nikakuta vifaranga waliokamilika nusu. Nini kimetokea?

JIBU: Kuku wenzake wamemtagia. Tetea wengi hupenda kutaga mahali palipo na mayai tayari, na anayeatamia hana hesabu: analoletewa chini ya kifua chake huliingiza. Matokeo yake ni kwamba mayai 12 yalikuwa na umri mmoja na saba mengine kila moja lilikuwa na umri wake. Vifaranga wa kwanza walipokauka manyoya na kuanza kulia njaa, mama alikuwa na uamuzi mmoja tu wa kufanya, na aliufanya sawasawa.

Kosa, ndugu yangu, ni lako. Siku unayompa mayai, zungushia kila yai mstari wa penseli, kisha kila jioni anaposhuka kula, mara nyingi ni mara moja kwa siku na kwa muda wa robo saa hadi nusu saa, angalia kiotani na uondoe yasiyo na mstari. Bora zaidi, mhamishe kiota usiku wa kwanza ukampeleke kwenye chumba au kona iliyofungwa, yenye maji, nafaka na mchanga wa kuogea, ambamo kuku mwingine haingii. Kiota chenyewe kiwe kikapu kipana au karai kuukuu lenye mchanga kidogo chini na majani makavu juu, lenye upana wa kama sentimita 35, lililotiwa umbo la bakuli ili mayai yasitawanyike pembeni na kupoa.

Kuna jambo hukuliuliza ambalo watu wa Pwani hulipata mara kwa mara. Ukikuta kuku ameacha mayai siku ya kumi au ya kumi na nne bila kifaranga hata mmoja, usikimbilie kumlaumu. Ingiza mkono kiotani usiku. Ukihisi vijidudu vidogo vikikupanda hadi kwenye kiwiko, huo ni utitiri, ambao mchana hujificha kwenye nyufa na usiku hunyonya damu ya kuku asiyeweza kuondoka. Kabla ya kumwatamisha choma majani ya zamani, paka chokaa kwenye nyufa, nyunyiza majivu makavu chini ya majani mapya, na kuku mwenyewe mpake unga wa kuua wadudu unaouzwa maduka ya mifugo chini ya mabawa na karibu na mkia, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Njombe. Siku ya 21 niliona mayai matatu yamedonolewa tundu na vifaranga wakilia ndani, lakini hadi jioni hawakutoka. Nikawasaidia kwa kubandua maganda. Wote watatu walikufa, mmoja akiwa anatoka damu. Je, nilichelewa?

JIBU: Uliwahi. Kifaranga akishatoboa tundu la kwanza hupumzika, na mapumziko hayo huweza kufika saa 12 au hata kukaribia saa 24. Wakati huo mishipa ya damu iliyotandazwa kwenye utando wa ndani inakauka, na kiini cha yai kinamalizika kuingia tumboni mwake. Ukibandua ganda kabla kazi hiyo haijaisha unakata mishipa iliyo hai, ndiyo damu uliyoiona. Kiini hichohicho ndicho kinachomwezesha kuishi siku mbili, pengine tatu, bila kula wala kunywa, na ndiyo maana tetea mwenye busara hukaa kimya juu ya waliotoka akiwangoja waliobaki.

Kwa hiyo siku ya 20 na ya 21 usimnyanyue kila saa kuchungulia. Kwa baridi yenu ya mwezi wa sita na wa saba, kila unapomnyanyua unapoza vifaranga wabichi. Mwekee maji na nafaka mahali anapoweza kufikia kwa shingo tu. Wakati huo wa baridi mpe mayai kumi badala ya 12, na kiota kikae ndani, ukutani kwa jiko. Mayai ambayo hayajatoboka hadi siku ya 23 yaondoe kwa upole ukayafukie, kwa kuwa yai viza likipasuka chini ya kuku huwapaka vifaranga uchafu, na uvundo wake utausimulia kwa mwezi mzima.

SWALI: Bwana Mifugo, niko Morogoro. Nilinunua vifaranga 30 wa siku tano kwa mtu mwenye mashine ya kutotolesha, nikawapeleka kwa tetea wangu mweusi aliyekuwa ameatamia kwa siku nne. Niliwaweka saa nne asubuhi. Aliwadonoa vichwani na kuwaua wanne, wengine wakakimbilia nje. Nimeambiwa kwamba kuku huyo ni mchawi. Unasemaje?

JIBU: Uchawi haumo. Umefanya makosa manne kwa wakati mmoja, na mimi nilifanya mawili kati ya hayo nilipokuwa kijana, kwa hiyo sikucheki.

La kwanza, siku nne ni chache. Tetea hubadilika kutoka kuwa mwatamiaji hadi kuwa mama polepole, na hatua ya mwisho huletwa na sauti: siku moja hivi kabla ya kutotolewa, kifaranga hulia akiwa ndani ya ganda, na mama humjibu kwa sauti ya chini ambayo kuku hatoi wakati mwingine wowote. Ukimletea vifaranga kabla hajafika huko, kwake ni viumbe vinavyovamia kiota. Asubiri walau wiki mbili, na tatu ndiyo bora.

La pili, vifaranga wa siku tano wamekwisha kujifunza dunia yao. Mtoto wa kuku hujua wa kumfuata katika siku yake ya kwanza au ya pili, na hao wako walijifunza kufuata balbu. Tetea akiita "kok, kok" kwa ajili ya chakula, hawajui kwamba wanaitwa wao. Akitoa mlio wa kutahadharisha juu ya mwewe, wanasimama wakitazama. Tafuta wa siku moja, na tofauti ya umri kati yao na wale aliowatotoa mwenyewe isizidi siku mbili.

La tatu ni rangi. Tetea mweusi aliyekwisha kuwatazama wanawe weusi kwa siku mbili mchana kweupe atamtambua wa njano na kumfukuza. Ambaye hajaona hata mmoja hubagua kidogo sana. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kifaranga wa njano katika kundi la weusi ana kamba inayoonekana tangu mbali.

La nne ndilo kubwa: saa nne asubuhi. Kazi hii ni ya usiku. Subiri hadi saa mbili au saa tatu za usiku, wakati kuku ametulia na haoni vizuri. Funika tochi kwa kitambaa chekundu. Mkono mmoja uwe na kifaranga aliyefumbatwa asilie, wa pili upenyeze chini ya kifua kutoka upande, kiganja kikitazama juu, hata ukigusa yai. Chukua yai, acha kifaranga pale lilipokuwa. Ngoja. Atakoroma kidogo, atainua mwili kama anayejirekebisha, kisha utahisi uzito wake ukishuka tena juu ya vidole vyako, na hapo vitoe polepole. Rudia kwa wa pili. Ukiwa na kumi, usiharakishe. Mara yangu ya mwisho nilitumia karibu saa nzima. Alfajiri, kabla jua halijatoka, rudi ukasikilize. Ile sauti ya chini ikiwa inasikika na vichwa vimechomoza kwenye mabawa, umefaulu. Akiwa anadonoa, waondoe mara moja, kwa maana akimtoa damu mmoja hataacha. Wafunike pamoja chini ya tenga kwa siku mbili, wakae ana kwa ana bila kuku wengine kuwaingilia, ndipo uwaachie.

Idadi nayo uipunguze. Kwa joto la Morogoro tetea mkubwa anaweza kufunika 20, lakini 30 hawaenei, na wale wa pembeni watakufa kwa baridi ya usiku huku mama yao yupo. Na kwa kuwa vifaranga wa kununua wanaweza kukuletea ugonjwa, muulize muuzaji wamechanjwa nini, halafu fuata mwenyewe chanjo ya mdondo, yaani ugonjwa wa Newcastle. Ile ya I-2, inayostahimili joto, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu, wakubwa kwa wadogo.

SWALI: Nina kuku watano katika banda dogo hapa Dar es Salaam, kwa ajili ya mayai ya nyumbani. Sina jogoo. Mmoja amekaa kiotani wiki mbili bila yai hata moja na hatagi. Jirani amenishauri nimpitishe unyoya puani ili aache.

JIBU: Usimpitishe unyoya, na wala usimtumbukize kwenye ndoo ya maji kama wengine wafanyavyo. Unyoya hufanya kazi kwa sababu kuku anateseka, na kuna njia isiyo na mateso. Kuku anayeatamia anataka giza na joto chini ya tumbo lake, hivyo mnyime vyote viwili: mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya waya kilichoinuliwa juu ya matofali ili hewa ipite chini yake, mahali penye mwanga, bila majani wala kiota, akiwa na maji na chakula wakati wote. Siku tatu au nne hutosha kwa aliyeanza karibuni. Wako wa wiki mbili huenda akahitaji wiki nzima. Akirudishwa bandani akaenda moja kwa moja kiotani, mrudishe kizimbani. Mayai usiyatarajie kesho yake, mpe wiki mbili hadi tatu. Ila kama una rafiki mwenye jogoo, ningekushauri umwombe mayai manane umwachie kuku wako atotoe, kwa maana tetea mwenye hamu ya namna hiyo si wa kumkatisha tamaa.

SWALI: Kutoka Wete, Pemba. Je, kuku anaweza kutotoa mayai ya kanga na ya bata?

JIBU: Anaweza. Ya kanga huchukua siku 26 hadi 28, na kuku ni mlezi mwema kuliko kanga mwenyewe, ambaye huwakokota wanawe kwenye majani yenye umande hata wakafa kwa baridi. Ukitaka kuchanganya na mayai ya kuku, tanguliza ya kanga kwa siku sita, ndipo uongeze ya kuku, ili wote watoke pamoja.

Bata wetu hawa wa kawaida wenye uso mwekundu ni siku 35, yaani wiki mbili zaidi ya ahadi ambayo kuku aliiweka na mwili wake. Chagua tetea mnene aliyeanza kuatamia jana au juzi, mpe mayai sita au saba tu kwa kuwa ni makubwa, msogezee chakula kila siku, na katika wiki ya mwisho nyunyizia mayai maji ya uvuguvugu kidogo anaposhuka. Baada ya hapo jihadhari na dimbwi. Vifaranga wa bata huingia majini siku ya pili ya kutembea, na manyoya yao, yasiyopakwa mafuta na mama bata, hulowa hata wakazama. Wape karai lenye maji ya kina cha kidole, wakitoka warudi mabawani wakauke, mpaka wafikishe wiki nne au tano. Siku utakapowaachia dimbwini, mfungie tetea bandani kwanza. Nimewahi kumwona mmoja akizunguka ukingoni tangu asubuhi hadi alasiri, akiita, majini hadi magotini.